Kabla ya kuongeza kifurushi, tafuta intaneti inakwama wapi

Kwa miezi mitatu nililipia intaneti ya Mbps 40 (megabiti kwa sekunde, ndicho kipimo cha kasi), na mwanangu akaendelea kukatikiwa na masomo yake ya mtandaoni vilevile kama tulipokuwa na Mbps 20. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya chini yenye vyumba vinne. Mimi kazi yangu ni kunukuu mahojiano: napokea faili za sauti, nasikiliza, naandika, narudisha. Intaneti ikilala, na kazi imelala. Kila nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa nizime ruta, nisubiri kidogo, niwashe. Mwisho nikashauriwa nipande kifurushi. Nikapanda. Hela ikaongezeka, video zikabaki zinazunguka.

Najua niko na wenzangu wengi katika hili, na inaniuma mtu anapopunguza hela ya matumizi ya nyumbani kununua kasi ambayo haiwezi kumfikia alipo.

Aliyenifumbua macho ni kijana aliyekuja kumfungia jirani kamera. Nilimwomba apite kwangu aangalie ruta. Hata hakuishika. Aliniuliza tu, "Dada, inakwama wapi? Kati ya simu na ruta, au kati ya ruta na huko nje?" Sikuwa na jibu, maana kwangu intaneti ilikuwa kitu kimoja.

Kumbe ni safari mbili. Moja ni ya ndani ya nyumba, kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, na hiyo hupita hewani kwa waifai. Nyingine ni ya kutoka kwenye ruta kwenda kwa kampuni na duniani. Ukipima kasi kwa simu ukiwa chumbani umezipima zote mbili kwa mpigo, na namba unayopata haikuambii mwenye kosa ni nani. Ili uzitenganishe unahitaji kompyuta na waya wa mtandao, ule wenye vichwa vya plastiki. Chomeka waya kwenye ruta, zima waifai ya kompyuta, waombe wa nyumbani waache simu zao kwa dakika tano, kisha fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi. Kwangu ilisoma 38. Nikaenda na simu chumbani kwa mwanangu: 4. Kampuni ilikuwa ikinifikishia nilichokilipia hadi sebuleni, halafu kikapotelea humo humo ndani.

Hapa nikumbushe jambo linalogombanisha watu bure. Hiyo Mbps ni biti, ilhali kompyuta ikipakua faili huonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8. Mwenye Mbps 40 akiona faili linashuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde, hajaibiwa.

Basi turudi sebuleni. Ruta yetu ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, karibu na sakafu, na upande wa pili wa ukuta kuna friji. Ilifungwa pale kwa sababu ndipo waya wa faiba ulipoingilia. Nyumba zetu hizi ni tofali za saruji, nguzo na renta za zege zenye nondo. Mawimbi ya waifai hayapendi zege, na chuma ndiyo kabisa. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya GHz 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi, na ya GHz 5, yenye kasi kubwa lakini huchoka haraka ikikuta ukuta. Kama ruta yako imeyapa yote jina moja, ingia kwenye mipangilio uyatenganishe kwa muda, ili ujue unapima lipi.

Yale ya 2.4 yana tatizo jingine kwa sisi tunaoishi nyumba zilizobanana. Nikiwa kitandani simu ilinionyesha waifai 17 za majirani. Katika masafa hayo chaneli, yaani njia za kurushia mawimbi, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo wote tulikuwa tunapigiana kelele mle mle. Kuna programu za bure za Android zinazoonyesha chaneli za jirani zako. Angalia iliyo na watu wachache, uiweke ruta yako huko. Na kama una maikrowevu, nayo hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo. Chakula kikipashwa, aliye karibu na jiko atasikia simu yake ikikatakata.

Nilitoa ruta kabatini nikaiweka juu ya kabati, kasi ya chumbani ikapanda hadi 11. Bure kabisa. Kwa kuwa faiba haikuweza kuvutwa zaidi, nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha juu ya dari hadi kwenye korido, na mwisho wake nikachomeka ruta ya zamani iliyokuwa imekaa stoo. Niliibadilishia anwani isigongane na ile kubwa, nikazima kazi yake ya kugawa anwani, ikabaki kurusha waifai tu. Chumbani kwa mwanangu sasa ilisoma 33.

Wengi hununua vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaka waifai na kuirusha upya. Vinasaidia, lakini cha bei nafuu hupokea na kurusha kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Ukinunua, usikifunge kwenye chumba ambacho tayari hakina kitu. Kifunge katikati, mahali waifai bado ina nguvu, maana hakiwezi kurusha ambacho hakijakidaka. Mimi ningeshauri waya, hata kama kuupitisha kunachosha.

Baada ya hapo mchana tulikuwa shwari, lakini kuanzia saa mbili usiku mambo yalirudi kuwa mazito. Hili lilinisumbua zaidi, kwa sababu kipimo cha kasi ya kupakua hakikuonyesha kosa lolote. Ikabidi nijifunze kupima muda wa kwenda na kurudi. Kwenye kompyuta ya Windows unafungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika ping 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyobandikwa chini ya ruta yako. Majibu yanatakiwa yawe milisekunde chache. Yakirukaruka, tatizo liko ndani kwako. Kisha unaandika ping 8.8.8.8, anwani ya Google, ambayo hutoka nje. Yangu ya ndani ilikuwa safi. Ya nje ilitoka 30 hivi ikapita 700.

Chanzo kilikuwa simu ya mdogo wangu aliyekuja likizo. Kila akirudi jioni, simu ilianza yenyewe kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kasi ya kupandisha kwa vifurushi vingi vya nyumbani ni ndogo kuliko ya kushusha, na hata wewe unayetazama tu unahitaji kutuma maombi kwenda juu. Ile njia ikijaa, maombi yako yanapanga foleni nyuma ya video za harusi. Tuliiwekea simu yake isipandishe kitu mpaka usiku wa manane. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Wanaotumia ruta za laini, zile za 4G na 5G, wana safari ya tatu: ruta hadi mnara. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani. Kikiwa karibu na -80 uko vizuri, kikikaribia -110 huna kitu. Zunguka na ruta dirisha kwa dirisha, uandike namba. Angalia pia kama bando lako lina kikomo kinachopunguza kasi ukikimaliza, wengi hawasomi sehemu hiyo. Kubadilisha DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, kwenda 1.1.1.1 au 8.8.8.8, kunakosifiwa sana mitandaoni, kunaweza kuharakisha mwanzo wa kufungua tovuti. Video haitaongezeka kasi kwa hilo.

Na ziko siku ambazo hakuna la kufanya nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukaumia mno. Ping ya ruta ikiwa safi, na majirani wa kampuni nyingine nao wanalalamika, acha ruta ipumzike.

Masika yalipoingia nilikuwa nimesharudi kwenye Mbps 20, na kipimo cha waya kikashuka kutoka 19 hadi 3. Safari hii nilikuwa na daftari. Kwa siku saba niliandika asubuhi, mchana na usiku: saa, kasi kwa waya, ping ya ndani, ping ya nje. Nilipopiga simu nikasema, "Nimepima kwa waya, waifai imezimwa, vifaa vingine vimezimwa, na hizi ndizo namba za wiki nzima." Hawakuniambia nizime ruta. Kama wangenipuuza, ningeyapeleka malalamiko hayo hayo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na daftari ndilo lingekuwa ushahidi wangu.

Fundi alikuja kesho yake. Kiungio cha faiba kwenye nguzo kilikuwa kimeingia maji na waya umekunjwa kwa nguvu. Kipimo cha mwanga unaopita kwenye faiba kilisoma -28, yaani hafifu mno. Alikata, akasafisha, akaunga upya, kikawa -19. Kabla hajashuka kwenye ngazi nilichomeka waya nikapima, nikaandika daftarini: saa 10 jioni, 19.