Kwa nini faili la H.265 huwa dogo kuliko la H.264

H.264 na H.265 ni viwango vya kubana video. Swali ni jinsi H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013, inavyoweza kutoa video yenye ubora unaokaribiana na wa H.264 kwa takriban nusu ya ukubwa wa faili. Sababu kubwa ni mgawanyo wa picha: H.264 ya mwaka 2003 hukata kila fremu (picha moja ya video) katika vipande vya pikseli, yaani nukta za picha, 16 kwa 16, ilhali H.265 huanza na vipande vinavyoweza kufikia 64 kwa 64, kisha huvigawa zaidi pale tu penye maelezo mengi, hivyo anga tupu huelezwa kwa biti chache sana. Ubashiri wa pikseli kutokana na jirani zake nao una mielekeo 33 badala ya 8 ya H.264, hivyo hukisia kwa usahihi zaidi na kubaki na machache ya kuhifadhi. Gharama yake ni kumchosha zaidi kichakataji wakati wa kusimba, yaani kuibana video.