"Tumfuate" hadi kwenye gunia la viazi

Sisi Wamoravian tuna salamu ambayo mtoto wa huku kwetu anaijua kabla hajajua kusoma. Kiongozi anasema, "Mwanakondoo ameshinda," nasi tunaitikia, "Tumfuate!" Nimeitikia hivyo tangu utoto wangu. Ukoo wetu unatoka Rungwe, mkoani Mbeya, ambako wamisionari wa Kimoravian walifungua kituo mwaka 1891, kwa hiyo Ukristo niliukuta nyumbani kama nilivyokuta shamba la babu. Nimeimba kwaya, nimekuwa mzee wa kanisa. Na miaka hiyo yote ya uzee wa kanisa nilikuwa nanunua viazi kwa lumbesa.

Kwa asiyejua biashara yetu: mnunuzi anafika shambani, tuseme Isyonje, mnapatana bei ya gunia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini vijana wanalijaza, wanalishindilia, kisha wanapanga viazi vingine juu ya mdomo na kuvizungushia kamba hadi gunia linaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja. Kile kichwa, kilo ishirini au zaidi, ni jasho lake ambalo hakuna aliyelilipa. Wanunuzi wote tulifanya hivyo, na kwa sababu tulifanya wote, sikuwahi kuuita wizi.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja mjane alinifuata. "Mzee, niombee. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango." Nilimshika mkono, nikafumba macho, nikaanza kuomba Mungu amfungulie mlango. Katikati ya maombi ulimi ukakwama. Jumatano ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimepakia magunia tisa kutoka shambani kwake. Tisa mara kilo ishirini ni kilo 180, karibu magunia mawili. Nilikuwa namwomba Mungu ampe kitu ambacho mimi nilikuwa nimekichukua.

Nilimaliza maombi vibaya vibaya, nikaenda nyumbani.

Nikupe ushauri wangu wa kwanza hapo hapo. Ukitaka kufanana na Kristo, usianzie mahali unapoonekana. Usianzie kwenye sauti ya maombi wala kwenye kufunga. Anza pale ambapo fedha inapita mkononi mwako na hakuna mshirika anayekuona. Zakayo hakuahidi kuhudhuria ibada. Alisimama mbele ya Bwana akataja mali, nusu kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Soma Luka 19 polepole kama hujaisoma siku nyingi.

Jumatatu nilipanda Isyonje na fedha ya magunia mawili. Nilitegemea mama yule atalia, au atanibariki. Alihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akasema, "Ndaga, baba," yaani asante. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde. "Na jirani yangu? Si ulipakia kwake pia?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikafungua daftari, nikaandika majina niliyoyakumbuka ya msimu ule. Yalikuwa kumi na mawili.

Nikanunua mizani ya kuning'iniza. Nikaanza kununua kwa kilo. Nisikufiche, iliniuma mfukoni. Wateja wawili wa mjini walinikataa, kwa kuwa wao bado wanataka gunia lenye kichwa kwa bei ileile. Msimu ule nilipata kidogo kuliko misimu yote iliyotangulia, na ada za watoto wangu nililipa kwa kuuza ng'ombe. Anayekuambia kwamba ukitenda haki faida inaongezeka mara moja, mimi sikuiona hivyo. Nililala usingizi, hilo ndilo nililopata.

Sasa nifike mahali penyewe, kwa maana hapa ndipo nilipopotea zaidi na sijasikia pakisemwa sana. Matendo yangu yalinyooka, tabia ikaharibika. Nikawa mkali. Nikikutana na wanunuzi wenzangu Uyole, nawasema hadharani kwamba ni wezi. Nyumbani, mtoto akikosea kidogo, namhukumu. Jioni moja mke wangu alisubiri watoto walale, akaniambia bila hasira, "Baba, tangu uanze kupima kwa mizani, hakuna anayeweza kula na wewe kwa amani."

Maneno yale yalinipeleka kwenye Yohana 13. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuona kwamba miguu ya Yuda nayo ilikuwa pale. Bwana alimjua atakayemsaliti, na hakumruka alipokuwa akizunguka na beseni. Mimi nilitaka kuwa na haki ya Yesu bila ule upole wake.

Tangu hapo alfajiri, kabla ya simu, nasoma sura moja ya Injili. Marko ina sura 16, kwa hiyo haichoshi mtu mwenye kazi. Natafuta jambo moja tu: hapa Yesu alimtendeaje mtu aliyekuwa mbele yake? Kisha namchagua mtu mmoja, yule ninayemwona mgumu kuliko wote, namtendea hivyo siku ileile kabla jua halijazama. Fuso la mmoja wa wale niliowatukana lilipozama kwenye tope la masika, niliwashusha vijana wangu tukalisukuma kwa muda wa saa mbili, na magunia yake yalikuwa na vichwa. Sikumhubiria. Kusema kweli, kunyamaza kule kuliniwia vigumu kuliko kulipa zile fedha.

Na mpe mtu mmoja wa nyumbani ruhusa ya kukuambia. Mchungaji anakuona Jumapili. Mkeo au mumeo anakuona ugali ukichelewa.

Katika majina yale kumi na mawili nimewafikia tisa. Mmoja alifariki, fedha nikampa binti yake. Wawili waliobaki, mmoja sijui aliko, mwingine nimeambiwa alihamia Chunya na anauza mchele sokoni. Nimeweka fedha yake kwenye bahasha. Jumamosi hii napanda basi.