Kwani kusikiliza kunasomewa? Barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma tangu Jumanne na kama sijajibu si kwamba nimekasirika, ni vile kila nikianza kuandika kwa simu naona sifiki popote, ndo nikaamua nikae chini na kompyuta nikuandikie barua kamili kama zile shosho yako alikuwa akiniandikia kutoka Nakuru. Uliniuliza hivi: "Mama, nataka kuomba nafasi kwenye kozi ya mashpia kama ile uliyosoma. Unaniona naifaa? Na kwani kusikiliza mtu kunasomewa miaka mitatu?"

Kitu kimoja kwanza. Mimi siwezi kuwa mashpia wako, yaani mtu wa kukusikiliza na kukulea kiroho kwa njia yetu ya Kiyahudi. Hilo tulifundishwa mapema kabisa, mtu wa nyumbani kwako humlei kiroho, awe mume awe mtoto, kwa sababu kuna kitu unakitaka kutoka kwake na ukishakitaka masikio yako yanaelekea huko tu. Kwa hiyo hapa naongea kama mama, na mama ana ruhusa ya kusema anachoona.

Hujawahi kuniuliza nilifikaje huko, na ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka kumi na mitano na siku zile ulikuwa umejifungia chumbani. Baba yako alipofariki tulikaa shiva, zile siku saba za matanga ya Kiyahudi, si unakumbuka, vioo vimefunikwa na mimi kwenye kile kistuli kifupi. Watu wetu wa Kenya walikuja wote, Mungu awabariki, chapati, sufuria za chai, maombi, na kila mtu alikuwa na la kusema, jikaze una mtoto, ni mapenzi ya Mungu, yuko mahali pazuri. Nilishukuru na bado nashukuru, matanga yetu ndivyo yalivyo, hatumwachi mtu peke yake na kimya. Lakini siku ya tatu akaja mzee mmoja wa sinagogi, akavuta kiti akaketi mbele yangu, akanyamaza. Nikangoja aseme pole. Hakusema. Nusu saa nzima nasikia tu ile friji yetu ya zamani ikinguruma na yeye yupo, hatazami saa, haangalii simu, yupo tu. Mwishowe nikasema kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwamba nimemkasirikia Mungu mpaka siwezi kufungua kitabu cha sala. Akaniuliza, "Na hiyo hasira, umempelekea mwenyewe?" Basi. Baadaye kidogo akainuka, akasema yale maneno ya kumfariji mfiwa kwa Kiebrania, akaondoka.

Baadaye ndo nikajua ile ilikuwa sheria, imo kwenye Talmudi, vile vitabu vya zamani vya sheria za Kiyahudi, sehemu inayoitwa Moed Katan, kwamba wanaokuja kufariji hawafungui mdomo mpaka mfiwa afungue kwanza. Wameitoa kwa Ayubu, wale rafiki zake watatu walioketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Walipoanza kuongea ndo wakaharibu. Lakini zile siku saba walizifanya vizuri, na mimi nilitaka kujifunza zile siku saba.

Sasa hii kazi yenyewe. Neno mashpia linatokana na shefa, ule wingi unaotiririka kutoka juu kushuka kwetu, kwa hiyo mashpia ni mtu anayesaidia utiririke. Huku kwetu ukiuliza Wakatoliki watakwambia mlezi wa kiroho na si mbali sana. Si rabi, rabi unamuuliza kuku huyu ni kosher, yaani halali kwetu, ama naruhusiwa kufanya nini siku ya Shabbat na anakujibu. Si mshauri wa kisaikolojia pia, huyo anashughulika na jeraha na ni kazi kubwa naiheshimu. Mashpia anakaa na wewe labda mara moja kwa mwezi, saa moja, na swali lake ni moja tu hata asipolitamka: katika haya yote unayonieleza, Mungu yuko wapi? Na usidhani kila anayekuja anamwamini huyo Mungu. Wengi niliowapata wametoka kwenye familia zilizopoteza watu kwenye mauaji ya Wanazi, na kwao hilo jina lenyewe linakwama kooni, humlazimishi, unakaa naye pale pale lilipokwama.

Hii si kitu cha juzi. Wahasidi, wale Wayahudi wa Ulaya Mashariki walioshika njia ya moyo na sala, tangu wakati wa mwanzilishi wao Baal Shem Tov aliyefariki 1760, walikuwa na desturi ya mtu kwenda kumwona rebbe wake, kiongozi wake wa kiroho, faraghani, kikao hicho kinaitwa yechidut. Anaingia na kikaratasi, kvitl, kimeandikwa shida yake na jina lake na la mama yake, la mama si la baba, hilo nililipenda sana mwanangu, yaani ukienda mbele ya rebbe na shida yako unaenda na jina langu. Wahasidi wa Chabad, moja ya makundi yao, ndo wana cheo kabisa cha mashpia, mzee anayewalea vijana wa yeshiva, shule ya dini, upande wa moyo, si vitabu peke yake. Halafu vita ikaja na dunia ile kwa sehemu kubwa ikateketezwa. Mmoja wa waliotoroka ni Zalman Schachter-Shalomi, alizaliwa 1924 kule Zhovkva, wakati huo Poland, akakulia Vienna, akafika Marekani, Chabad wakampa urabi 1947. Yeye ndo mwaka 1968 aliandika tasnifu nzima kuhusu hivyo vikao vya rebbe na mtu wake, akauliza nini hasa kinatokea mle ndani, alafu akakitoa nje ya ule ukuta, wanawake wakaruhusiwa, wasio Wahasidi wakaruhusiwa. Alifariki 2014. Leo kuna kozi ya hashpa'ah, ndiyo hii kazi ya mashpia, ya ALEPH, shirika lililotokana na kazi yake, kuna Bekhol Levavkha ya chuo cha Hebrew Union College, na moja ya zile za mwanzo ilijiita Lev Shomea. Na wale wa mwanzo wengi walikwenda kwanza kujifunza kwa Wakatoliki na Waprotestanti wakarudi kutafuta vya kwao, hilo wanalisema wazi na mimi nawaheshimu kwa kulisema.

Lev Shomea maana yake moyo unaosikia. Ndo alichoomba Sulemani, Wafalme wa Kwanza sura ya 3, Biblia ya Kiswahili niliyokua nayo inasema "moyo wa adili", na miaka yote nilidhani aliomba akili ya kuhukumu kesi. Siku nilipoisoma kwa Kiebrania nikakuta aliomba moyo wenye masikio, nililia kwenye treni.

Sasa swali lako, kama kunasomewa. Mwangalie Eli, yule kuhani wa Shilo. Mama mmoja jina lake Hana anakuja hekaluni anaomba mtoto, midomo inacheza sauti haitoki, na Eli amekaa pale mlangoni anamwambia wewe mama umelewa. Kuhani mkuu! Ameketi mlangoni pa nyumba ya Mungu na hatambui mtu anayeomba. Hiyo tunaisoma kila mwaka siku ya kwanza ya Rosh Hashanah, mwaka mpya wetu, na kila mwaka inaniuma. Miaka inapita, mtoto wa yule yule mama, Samweli, sasa analala hekaluni, usiku anasikia anaitwa, anakimbia kwa Eli, mimi hapa umeniita, Eli anasema sijakuita rudi ulale. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ndo mzee anaelewa kwamba anayeita ni Mungu. Na angalia anachofanya akishaelewa, hamshiki mkono ampeleke, hamwambii nitakutafsiria, anasema rudi kalale, ukiitwa useme nena Bwana, mtumishi wako anasikia. Anamwachia njia. Na asubuhi anamwomba asimfiche kitu, na ujumbe wenyewe unamhukumu Eli na nyumba yake, anausikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kutoka kumwita Hana mlevi mpaka asubuhi ile ni safari ndefu, sijui wewe unaionaje lakini mimi naona miaka mitatu si mingi.

Nikwambie kozi ilivyo kwa ndani. Masomo ya maandiko yapo, unasoma na mwenzio wawili wawili, chavruta. Ila moyo wa kozi ni mazoezi ya watu watatu, mmoja anaeleza jambo la kweli la maisha yake, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama tu. Mafungo yangu ya kwanza nikapewa mama mmoja anaeleza mwanawe ameacha kuongea naye miaka minne. Nikamwacha aongee kama dakika tatu hivi nikaona anafuta macho, nikamshika mkono nikamwambia atarudi, watoto wanarudi. Nilikuwa namaanisha kwa moyo wote. Yule anayetazama alipoulizwa ameona nini akasema, "Alipoguswa mkono aliacha kulia, akakaa wima, akasema asante. Na hakurudi tena pale alipokuwa." Mwanangu, niliona kwa macho yangu. Lile chozi lilikuwa mlango na mimi niliufunga, kwa sababu kilio chake kilinigusa mimi, nilikuwa natuliza hofu yangu juu yako.

Ndo maana unakuwa na msimamizi kipindi chote, na hapo huendi kueleza siri za mtu unayemsikiliza, unaeleza wewe ulifanywa nini. Alipotaja pesa mbona uliangalia dirishani. Alipomtaja mamake mbona uliharakisha. Inachosha kuliko zamu ya usiku.

Na kuna hesabu. Wanaiita cheshbon hanefesh, na mtu wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo, ni hesabu ya nafsi, maneno ni ndugu kabisa. Kitabu chenye jina hilo kilitoka 1808, cha Menachem Mendel Lefin, unachagua tabia 13, kila wiki unashika moja, uvumilivu, unyamavu, ukweli, usiku unaweka alama pale ulipoanguka, ukimaliza unarudia, mara nne kwa mwaka wiki 52 zimeisha. Daftari zangu ziko kwenye kabati la juu, ukija utaziona, ile wiki ya kunyamaza ina alama nyingi kuliko zote, miaka yote mitatu.

Kilichonibadilisha zaidi ni cha Rebbe Nachman wa Breslov, yule aliyefariki 1810 akiwa bado kijana wa miaka 38. Alifundisha hitbodedut, kujitenga saa moja kila siku, uende hata shambani usiku, uongee na Mungu kwa sauti kwa lugha ya nyumbani kwako, kwao Kiyidi, si Kiebrania cha kitabuni. Mwalimu akasema kila mtu aende na lugha yake. Nikaenda nyuma ya ile nyumba ya mafungo kwenye miti, baridi kali, nikaanza kwa Kiingereza nikaishiwa dakika tano. Nikaanza kwa Kiswahili. Mwanangu, nilianza na "Ee Mungu wangu nimechoka" na niliposhtuka giza lilikuwa limeingia. Tangu niingie mikveh, yale maji ya kuingia Uyahudi, kabla hujazaliwa nilikuwa nadhani Mungu wa Israeli inabidi nimwendee na Kiebrania safi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa hajanisikia mimi, alikuwa anamsikia mtu anayejaribu kusoma vizuri.

Sasa wewe. Naona moyo unao, tangu mdogo watoto wa jirani walikuwa wanakuja kukulilia wewe. Lakini wewe ni nesi wa ICU na una haraka ya ICU. Mtu akikwambia anaumia unauliza kutoka moja mpaka kumi ni ngapi, na inapaswa iwe hivyo, hiyo haraka imeokoa watu na ninajivunia. Ila hata kwa simu, mimi nikisema nimelala vibaya unanipa dawa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nikikujibu kama mama, naona unafaa, ila si mwaka huu. Kwanza tafuta mashpia wako mwenyewe, ukae naye mwaka mzima wewe ukiwa wa kusikilizwa. Kwenye intavyuu watakuuliza hilo kwa vyovyote, lakini usifanye kwa ajili ya fomu. Kama hujawahi kukaa upande ule wa kiti hutajua kimya kinamfanya nini mtu.

Ada si ndogo, uliza mapema kuhusu msaada. Masomo mengi ni kwa video ila mafungo ni lazima ufike, panga na kazini. Na huenda ukawa Mwafrika peke yako darasani kama nilivyokuwa mimi, kuna siku itakuelemea. Siku hiyo kumbuka Abayudaya, wale Wayahudi wa Mbale kule Uganda, wameshika hii njia tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoishika 1919, Idi Amin akawapiga marufuku na wachache wakaendelea kusali kwa kujificha, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akapewa urabi Los Angeles akarudi kwao Uganda. Hukuingia kwenye nyumba ya watu.

Kuna kitu sijakuuliza. Umeandika unataka kusomea lakini hukuandika kilichotokea. Mtu haamki tu Jumanne akataka hivi, kuna mgonjwa, ama kuna usiku fulani. Sitabahatisha. Nipigie Jumamosi Shabbat ikishatoka, nitakuwa nimeketi pale jikoni na nimeshapika chai, na utaanza wewe.

Mama