Dabo bareli ya mzee imedondosha shanga ya mbele: kabla hujampa fundi

Mkuu umeuliza kuhusu dabo bareli (bunduki ya mitutu miwili) ya marehemu mzee wako, geji 12 ya Muingereza, ile shanga ya mbele ya kulengea imedondoka kimebaki kijitundu tu juu ya ribu (ule utepe wa chuma kati ya mitutu), na fundi wa geti hapo mtaani kakwambia atakuchomelea kipande cha msumari kwa buku tano. Usimpe. Jibu fupi ni hilo. Refu ndo hili, maana nina ya aina hiyohiyo niliyorithi kwa babu kule Mufindi nayo ilipoteza shanga, na baadae single ya Baikal ya mjomba (ya Mrusi, mtutu mmoja) ikapoteza ya kwake, kwa hiyo haya mambo nimeyafuatilia kwa mikono yangu na kwa kukaa benchi la fundi nikiangalia kila anachogusa.

Tuanze na moto kwanza, kwa sababu hapo ndo watu wanaua bunduki nzuri. Huo utepe wa chuma unaopita katikati ya mitutu miwili, ribu, kwenye dabo nyingi za zamani za Muingereza haujachomelewa. Umeshikwa na lehemu laini ya bati na madini ya risasi, ileile familia ya lehemu anayotumia fundi redio, na hiyo inaanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Sasa mtu anakuja na gesi ambayo moto wake unapita nyuzi 3,000, au anapiga welding ya umeme, anasema "nagusa kidogo tu bosi". Hamna kugusa kidogo hapo. Lehemu inaachia sentimita kadhaa kwenda na kurudi, ribu kwa macho inaonekana bado imekaa, unaondoka umefurahi, mvua ya kwanza maji yanaingia chini ya ribu yanakaa humo, kutu inakula mtutu upande ambao huwezi kuuona wala kuusafisha. Na hapo mdomoni ndo kuna choku, yaani mtutu umebanwa kidogo kwa makusudi ili marisawa (zile punje za risasi) yasitawanyike mapema, sio sehemu ya kuanza kupiga shoti za welding.

Kuna kipimo kimoja cha wazee cha kujua kama ribu yako bado nzima, kifanye hata kabla hujawaza shanga. Hakikisha bunduki haina kitu chemba zote mbili, pale nyuma risasi inapokaa, angalia kwa macho na ingiza kidole, risasi zipeleke chumba kingine kabisa. Vua ile mbao ya mbele, toa mitutu. Ining'inize kwa kidole au kamba kwenye ile ndoana ya chini, af igonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, mlio mrefu unaokufa polepole, ribu imeshika. Ikitoa mlio mfu au inatetema kama kuna kitu kimelegea, basi shida yako kubwa sio shanga, ni ribu, na hiyo ni kazi ya fundi silaha anayejua kulehemu mitutu upya. Ya babu ililia vizuri ndo nikapata moyo wa kuendelea.

Haya, tundu. Watu wengi wanakimbilia kutafuta shanga kabla ya kujua tundu ni la aina gani, ndo maana wanaishia kununua vitu visivyoingia. Chukua tochi na lenzi, au simu yako zuum mpaka mwisho. Utakuta moja kati ya hali hizi: tundu lina thredi (ile mistari ya skrubu) safi, shanga ilifunguka yenyewe ikapotea, au tundu limejaa chuma, maana yake shingo ya shanga ilikatika na kisiki kimebaki ndani, au tundu laini halina thredi kabisa, shanga ilikuwa ya kugongewa. Mara nyingine lina thredi ila zimejaa uchafu wa mafuta ya miaka hamsini unadhani ni laini, kwa hiyo lisafishe kwanza na kijiti cha meno na petroli kidogo.

Kama kuna kisiki, weka tone la mafuta ya kupenya, acha usiku mzima. Kesho yake mara nyingi kinakubali kuzungushwa na sindano ngumu iliyochongwa kwa kukigusa pembeni kinyume saa. Kikigoma, fundi anatumia biti ndogo inayokata kinyume saa, hizo za mkono wa kushoto, zinashika kisiki zinakitoa zenyewe. Asianze na biti ya kawaida kwa drili la mkononi. Brasi (shaba ya njano ya shanga) ni laini kuliko chuma kilichoizunguka lakini biti ikiteleza inaenda kulamba ribu, af pale mbele mitutu miwili imekaribiana sana, ribu imelala kwenye kabonde kati yao, ukitoboa upande kidogo au ukizidisha kina unatokea ndani ya mtutu mmoja. Hilo ni jambo la kumwambia fundi kwa sauti hata kama anakuona unajua sana: funga selotepu kwenye biti kuonyesha kina, na mitutu iwe imefungwa kwenye jiliwa lenye mbao au ngozi, isishikwe na chuma kwa chuma.

Sasa thredi, hapa panachanganya watu kuliko pote. Bunduki za Marekani nyingi zinatumia 3-56, 5-40 au 6-48, namba ya kwanza ni saizi ya unene, ya pili ni idadi ya thredi kwa inchi. Za Ulaya bara na za Mrusi ni milimita, M3 (unene milimita 3) ya hatua 0.5, yaani umbali wa thredi moja hadi nyingine, ndo unaikuta sana. Za Muingereza wa zamani kama ya kwako usitegemee hata moja kati ya hizo, wale walikuwa na thredi zao za BA (British Association) za vitu vidogo. 6BA ina unene wa milimita 2.8 na hatua 0.53, 4BA ni 3.6 na hatua 0.66. Ona sasa mtego: 6-48 ya Mmarekani nayo hatua yake ni kama 0.53, ila unene ni 3.5. Na M3 iko katikati. Kwa hiyo mtu anachukua skrubu ya M3 aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, anaijaribu kwenye tundu la 6BA, inagoma kidogo, anaongeza nguvu na bisibisi, inaingia mzunguko mmoja "imekubali!" kumbe imekata thredi za zamani zikabaki unga. Sheria yangu ni vidole tu. Skrubu sahihi inaingia kwa vidole mizunguko miwili mitatu bila kubishana. Ikibishana sio yake.

Na thredi zikishakuwa zimekufa bado kuna njia. Tundu la kutengenezea 6BA ni kama 2.3, la M3 ni 2.5, kwa hiyo fundi anapanua kwa biti ya 2.5 anapitisha tapu (chombo cha kukatia thredi) ya M3 na umehamia kwenye saizi ambayo unaipata popote. Hiyo ndo tuliyofanya kwa ya babu. Wapenzi wa bunduki za asili watasema nimeharibu uhalisia, sawa, lakini mimi sina mpango wa kuipeleka mnadani London, nina mpango wa kuwinda kanga msimu ukifunguliwa.

Shanga yenyewe wala isikuumize kichwa. Unaweza kuagiza nje, zipo za brasi, za rangi nyeupe, na zile za plastiki zinazong'aa nyekundu au kijani. Mi nilienda kwa kijana wa mashine ya kukereza, nikampa kipande cha fimbo ya brasi na mchoro: kichwa cha mviringo milimita 3 hivi, shingo yenye thredi ya M3, urefu wa shingo usizidi kina nilichopima. Akanitengenezea kadhaa kwa mpigo maana kazi yenyewe kwake ni dakika chache, nikabaki na spea. Angalia kitu kimoja hapa: bunduki haikwenda kwa yule kijana, ilibaki kabatini. Kilichokwenda ni vipimo. Tangu ile sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 mambo ya silaha sio ya kubeba begani kutembeza gereji za watu, na kwa mimi mstari uko hapa: kusafisha na kukaza shanga kwa vidole ni matunzo ya mwenye mali, kutoboa na kupiga tapu ni kwa fundi silaha mwenye leseni, na unaenda nayo ikiwa kwenye mfuko, karatasi zako za umiliki mkononi.

Kama huna fimbo wala mkerezaji, skrubu ya brasi yenye kichwa cha mviringo inatosha. Ibane kwenye drili, izungushe, shikilia tupa ndogo mpaka kichwa kiwe punje, malizia na msasa laini. Ule mfereji wa bisibisi ukibaki kidogo hauna shida, utausaidia kukazia.

Kuisimika sasa. Safisha thredi pande zote na asetoni, ile ya dukani, sio dawa ya kutoa rangi ya kucha kwa sababu nyingi zimewekwa mafuta. Tone dogo la Loctite (gundi ya kushikia thredi) ya bluu, kama 243, kaza kwa vidole na robo ya mwisho kwa koleo ulilolifunga kitambaa. Kwa nini sio nyekundu? Nyekundu ikishika inataka joto la 250 na zaidi ndo iachie, na nimeshakwambia lehemu ya ribu inaachia kwenye 183. Yaani siku mjukuu wako anataka kubadilisha shanga itabidi ang'oe ribu. Bluu inafunguka kwa nguvu ya mkono tu.

Kwenye single mambo yanabadilika kwa sababu hamna ribu, shanga imeingia moja kwa moja kwenye ukuta wa mtutu, na ukuta pale mbele ni mwembamba. Milimita moja ukigawa kwa hatua ya 0.5 umepata thredi mbili. Hizo thredi mbili ndo zinapambana na mateke ya bunduki miaka yote, si ajabu shanga ya mjomba iliruka. Hapo kuna hatari ambayo kwa dabo ni ndogo: skrubu ikizidi hata kidogo inatokeza ndani, marisawa na kile kikombe cha plastiki kinachoyabeba vinapita vinaigonga. Baada ya kufunga pitisha fimbo ya kusafishia yenye pamba kutoka nyuma mpaka mdomoni, pamba ikinasa nyuzi nyuzi kuna chuma kimetokeza, fungua punguza. Kwa ya mjomba fundi aliamua kuachana na tundu, alichonga kitandiko kidogo cha brasi chenye tumbo lililopinda kufuata mtutu, akakwangua rangi nyeusi pale chini tu, akakishika kwa lehemu laini kwa moto mdogo. Kwenye single hiyo inakubalika, joto la lehemu laini halifanyi kitu kwenye chuma cha mtutu na hamna ribu ya kuachia. Kwa yako ya dabo usiige.

Kuhusu gundi, maana najua ndo swali linalofuata: ndio, epoksi ya mirija miwili kama Araldite inashika shanga kwa muda, ukikwangua mpaka chuma cheupe na kusafisha mafuta yote. Kama una kazi wiki ijayo na fundi yuko Dar, fanya. Ila mateke na jua la shambani vitaitoa, haina siku. Na zile za kubandika kwa sumaku zinataka ribu bapa, hizi za Muingereza mara nyingi ribu imebonyea katikati, inakaa upande.

Mwingine atakwambia shanga haina kazi, shotigani inaelekezwa hailengwi, macho yanakaa kwenye ndege. Kwa ndege anayeruka ana haki, mimi mwenyewe nikiwa nafuata kanga hewani siioni. Lakini ukitumia SG (marisawa makubwa) au risasi moja nzima, au unapiga kitu kilichosimama, bila shanga utakuwa unapiga juu bila kujua. Kumbuka pia urefu wake unahamisha risasi: shanga ndefu inakushusha, fupi inakupandisha. Ndo maana usiweke li-shanga kubwa la kung'aa kwa sababu tu ni zuri dukani, linaziba nusu ya kanga kwenye mita 30. Ukimaliza weka karatasi kubwa umbali huo kwenye uwanja wa shabaha, au mahali panaporuhusiwa penye kilima nyuma, alama katikati, piga ukiwa umeegemea, angalia kundi la matundu limekaa wapi. Likiwa chini, piga tupa kidogo juu ya shanga uifupishe. Likiwa juu, weka ile spea ndefu zaidi.

Na kabla hujapiga hiyo ya karatasi, soma maandishi chini ya mitutu. Dabo nyingi za Muingereza za zamani zina chemba ya inchi 2½, milimita 65, na risasi nyingi zinazouzwa sa hivi ni 70. Zinaingia vizuri kabisa, shida inakuja zikifunguka mdomo humo ndani hazina nafasi na presha inapanda. Na ukiona mitutu ina michoro ya mawimbi mawimbi kama mbao, hiyo ni Damascus, mitutu ya zamani iliyosukwa kwa vipande vya chuma, isimame hapohapo mpaka fundi silaha aione.

Nenda kalipime hilo tundu kwa venia (kipimo cha taya cha milimita) uniwekee kipenyo na kina hapa, na picha ya ribu ukiwa umeipiga kutoka mdomoni, nitakwambia kama ni 6BA au tuhamie M3. Shanga za spea bado ninazo mbili tatu, ukiwa pande za Mafinga tutawasiliana.