Lile jitu la nyusi nene ni nani?

SWALI: Shikamoo Babu. Katika filamu za zamani za Charlie Chaplin kuna jitu la nyusi nene linalomwonea kila mara. Ni nani, na mbona baadaye halionekani tena? – Mwanahawa, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Huyo ni Eric Campbell, Mwingereza aliyetokea kundi la vichekesho la Fred Karno, kulekule alikotokea Chaplin. Kati ya filamu fupi 12 ambazo Chaplin aliitengenezea kampuni ya Mutual mwaka 1916 na 1917, Campbell yumo katika 11.

Nyusi zile ni za kubandika, usitishike! Mimi humpendea Easy Street (1917). Anaipinda nguzo ya taa ya gesi ya barabarani ili kumwonyesha Chaplin, polisi mgeni, ubavu wake. Chaplin anamrukia mgongoni, anamsokomeza kichwa ndani ya taa, anamfungulia gesi mpaka jitu linalegea. Na katika The Immigrant ni mhudumu wa mgahawa. Mteja aliyepungukiwa senti kumi anapigwa na wahudumu wote, huku Chaplin akitazama na kupapasa mifuko. Bila mbabe kama huyu, udogo wa Chaplin ungemchekesha nani?

Mwaka huohuo wa 1917 mke wa Campbell alifariki. Akaoa tena upesi, ndoa haikudumu, na Desemba akafa katika ajali ya gari huko Los Angeles, hajafikisha miaka 40.

Ukimwona mtu mnene katika filamu ya Chaplin ya baadaye, The Gold Rush (1925), usidhani ni Campbell: huyo ni Mack Swain, mtu mwingine kabisa.