Jibu: Kayaki ya kujaza upepo inazunguka, je, naweza kuipeleka Mida?

Ndugu, umeuliza kwa nini kayaki yako mpya inageuka pua kila ukipiga kafi, na kama inafaa kwa Mida Creek, lile hori la bahari kule Watamu. Inafaa, tena mno.

Angalia kwanza lile pezi dogo la chini, upande wa nyuma. Bila hilo chombo hakishiki njia. Kisha upepo: jaza mpaka kipimo kilichoandikwa, ishushe majini, subiri kidogo, uongeze tena, kwa sababu maji yakiipoza hulegea. Ukiipandisha juani, punguza, maana joto huzidisha shinikizo na mshono unaweza kufumuka.

Kafi litumbukize karibu na nyayo zako, vuta hadi usawa wa nyonga, toa. Ukiliburuta mpaka nyuma ndipo unapoizungusha.

Sasa Mida. Usiende bila kujua maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakianza kutoka yanavuta kwa nguvu kuelekea mlangoni, na chombo chepesi hivi hakishindani nayo. Chagua maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, ingia yakiwa bado yanajaa, na ugeuze kabla hayajaanza kupwa. Wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, toka asubuhi mapema, upepo haujachachamaa. Kwenye mikoko kaa mbali na mizizi: chaza walioganda pale wanakata kama wembe.

Jaketi okozi livae, usilikalie. Ukirudi, isuuze kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na uikaushe kivulini kabla ya kuikunja.