Kwanini bunduki ya shabaha inaingia risasi moja tu?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, naangaliaga mashindano ya shabaha ya masafa marefu, wale jamaa bunduki zao ni za bolti (lile komeo la chuma la kuvuta kwa mkono) lakini wanaweka risasi moja moja kwa mkono. Mauser, bunduki ya Kijerumani ya marehemu babu, ilikuwa inabeba tano. Hapo si tumerudi nyuma?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hatujarudi nyuma hata kidogo. Magazini, yaani kisanduku cha kubebea risasi, inataka tundu chini ya bodi, kile chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, na chuma ukishakitoboa ushakilegeza, risasi ikilipuka bodi inajipinda kidogo sana ila inajipinda, na mtutu ukihama sehemu moja tu ya 60 ya digrii basi kwenye mita 900 risasi imehama sentimita 26, hapo pointi zishaenda. Kwahiyo waliziba tundu, bodi ikawa nzito na ngumu, na mpiga shabaha hana haraka ya risasi ya pili.

Mwanzoni walishindana na bunduki za jeshi tu. Waingereza na wenzao wa Jumuiya ya Madola walitumia Lee-Enfield miaka mingi, na ile meno yake ya kufungia, yanayoishika bolti risasi ikilipuka, yako nyuma ya bolti, kwahiyo bolti yote inabanwa mlipuko ukitokea. Cha ajabu kwenye yadi 1000 huko kujipinda kulisaidia, risasi zenye mwendo mdogo zilitoka mtutu ukiwa umeinuka zaidi, zikafika karibu na zile zenye mwendo mkubwa. Masafa mafupi ndo ilikuwa shida. Mwisho wa miaka ya 60 wakahamia risasi ya milimita 7.62 yenye presha kubwa zaidi, Lee-Enfield wakazifunga mitutu mizito, lakini zilizokuja kutamba ni zile zilizoundwa kwa shabaha tangu mwanzo: Omark 44 ya Australia, alafu Swing ya George Swenson kule Uingereza, risasi moja, meno mbele, pini inagonga risasi haraka kabla mkono haujatikisika.

Na kitako usikidharau! Mbao ni kama mlango wako wa hapo Nkuhungu, kiangazi unafunga vizuri, masika unakwama. Mbao ikivimba inasukuma bodi, ndo maana wanamimina gundi ya epoksi chini ya bodi au wanaweka alumini, na mtutu wanauacha usiguse mbao kabisa.

Mauser ya babu meno yake makuu yako mbele, wala sio ya kudharau, mafundi wengi wamejengea bunduki za shabaha juu ya bodi hiyohiyo.